Harrier yetu ilivyofukizwa ubani

Mwenye Harrier, ile Toyota tunayoiita tako la nyani, yenye injini ya 3.0, ile V6 ya 1MZ, atanielewa, wengine mtanivumilia. Yani ile gari ina kiburi. Ikiwa kwenye P, gia ya kuegesha, inaunguruma imetulia huwezi hata kujua kama imewaka, sasa weka D ya kuondokea uone, sailensi (ule mzunguko wa injini kabla hujakanyaga mafuta) inashuka, inatetemeka, kimya. Imezima. Unawasha tena inawaka kwa adabu zote. Na taa ya cheki injini iko pale kwenye dashibodi, ya njano, haina haraka na mtu.

Fundi wa kwanza akachomeka mashine ikatoa P0171 na P0174. Maana yake kompyuta ya gari inalalamika kwamba hewa imezidi mafuta, namba moja ya upande huu wa injini na nyingine ya upande wa pili, basi, haijasema kifaa gani kimekufa. Jamaa akaziangalia akasema "bosi hizi ni oksijeni sensa, namba mbili sensa mbili." Hesabu imekaa vizuri kweli. Tukaenda Gerezani, kule Dar kwenye spea, tukachukua used, akafunga, akafuta zile namba, taa ikazima, akala hela yake, na taa ikarudi kabla sijamaliza kumsifia kwa watu. Wa pili akasema ni pampu ya mafuta, akanyanyua siti ya nyuma akalaza sikio pale juu ya tenki, "unasikia inavyolia?" Mimi nilikuwa nasikia adhana ya alasiri tu. Pampu ikabadilishwa. Wanasema mjumbe hauawi, lakini kwenye gereji zetu sensa ikileta habari mbaya ndo inang'olewa yeye.

Sasa ikaja harusi ya Ilala. Shangazi yangu anakaa Kigamboni, nikaambiwa nimpitie yeye na wenzake wawili. Nikasema tuzunguke Daraja la Nyerere, shangazi akakataa, anataka pantoni kwa sababu ya upepo. Haya. Tukapanda pantoni, wamama wamekaa nyuma na madera yao na hina mikononi, sinia la vitumbua mapajani, nikazima gari tukavuka salama. Kufika Magogoni watu wanashuka, magari yanawashwa, nami nawasha, naweka D, imezima. Nawasha, D, imezima. Nyuma honi zimeanza, bajaji zinapenya, wa mikokoteni wananitukana kwa utaratibu mmoja baada ya mwingine, kijana mmoja kaingiza kichwa dirishani "braza una mafuta kweli?" Namwambia ninayo, anaangalia geji mwenyewe, haniamini.

Ikabidi isukumwe, na pale kutoka kwenye pantoni ni kilima. Wakaniambia washushe hao wamama iwe nyepesi, nikageuka, "shangazi samahani, mshuke kidogo." Akanionyesha viganja. "Na hina hii mbichi? Nikashike wapi?" Hakushuka mtu. Ikasukumwa na wamama ndani na sinia lao, vijana wanahema, na yeye huko nyuma anawaitia "vuteni pumzi wanangu, Mungu atawalipa." Mungu gani, nililipa mimi, tena pale pale kabla hawajaiachia.

Kesho yake akaja dogo mmoja fundi wa huko huko Kigamboni, na huyo hakushika spana. Kachomeka kidude cha bluetooth chini ya usukani, kakaa anaangalia simu. Shangazi akaniuliza kwa sauti, "huyu kaja kutengeneza gari au kuchati?" Dogo wala hakujali, akanionyesha, gari ikiwa sailensi kompyuta inaongeza mafuta asilimia 24 juu ya kipimo chake, ukikanyaga mpaka mizunguko 2500 inashuka mpaka 5. "Kaka ingekuwa pampu ingekuwa kinyume, ukikanyaga ndo inazidi kulia njaa. Alafu pande zote mbili zinalalamika sawa, kwa hiyo shida iko sehemu inayohudumia pande zote." Akasema kuna hewa inaingilia mlango wa uani, baada ya airflow sensa, ile inayopima hewa inayoingia, na kompyuta inapima mafuta kwa hewa iliyopita mlango wa mbele tu, hiyo nyingine haina habari nayo.

Gereji kubwa wana mashine ya moshi ya kutafutia tundu kama hilo. Dogo hana. Akauliza hapa nyumbani kuna kitu gani kinatoa moshi mwingi, na macho yetu yote yakaenda kwa shangazi.

"Ubani wangu wa Maskati nikafukizie injini?"

Alitoa lakini, punje kwa punje, na kusimama akasimama pale pale kuhakikisha haibiwi. Dogo akachukua kopo la maziwa ya unga akatoboa kifuniko matundu mawili, huku pampu ya baiskeli, huku mpira mrefu unaoenda kuingia kwenye mrija wa vakyumu ya breki, upande wa injini, mdomo wa kuingizia hewa akauziba na kanga. Gari imezimwa, betri imechomolewa, kopo la makaa liko mbali huko mchangani na ndoo ya maji pembeni, msije mkaweka makaa chini ya boneti alafu mseme mmesoma kwangu.

Ilikuwa inakaribia magharibi. Wewe pita hapo nje uone boneti iko wazi, moshi wa ubani unapanda, na mama wa makamo kavaa baibui anazunguka gari anasema peke yake (alikuwa analalamikia ubani wake lakini wao watajuaje). Watoto wa madrasa wakasimama. Wakubwa nao wakasimama. Bibi wa nyumba ya pili akaanza kumswalia Mtume, mzee mmoja akavua ndala. Mimi nataka nieleze, na hapo hapo dogo kutoka chini ya boneti akapiga kelele, "Nimemkamata! Kumbe kajificha huku chini!"

Walitawanyika. Ndala za yule mzee zilibaki.

Aliyekamatwa ni ule mpira wa mikunjo unaotoka eya klina, kile kichujio cha hewa, kwenda kwenye injini. Umepasuka chini kwenye mkunjo, urefu wa kidole, na kuna mtu zamani aliuzungushia solotepu nyeusi, gundi imeyeyuka yote imebaki ute. Gari ikiwa P injini imetulia mkunjo umejibana nusu, ukiweka D injini inajivuta unaachama kabisa, mafundi wale wawili walikuwa wanaipimia kwenye P. Mpira ukanunuliwa, bei yake mbele ya zile sensa na pampu ni aibu, zile namba zikafutwa, taa haijarudi.

Usiku ule ule mlango ukagongwa, ni yule mzee, nikajua kafuata ndala. Akamsalimia shangazi vizuri, akauliza habari za wajukuu, akakohoa. "Bi mkubwa, Noah yangu nayo inakula mafuta sana siku hizi."

Nikafungua mdomo nimweleze habari za mpira, shangazi akaniwahi. Akamwambia alete Alhamisi baada ya alasiri, na aje na ubani wake.