Cheti cha saa 120 mbele ya pasipoti ya Kongo

Aliyemaliza lisansi (digrii) ya Kiingereza UNILU, yaani Chuo Kikuu cha Lubumbashi, au ISP, chuo cha ualimu, hapa Lubumbashi, akisema anataka kufundisha ng'ambo, huambiwa kwanza anunue cheti cha TEFL (kufundisha Kiingereza kama lugha ya kigeni) cha saa 120. Ushauri huo si wa kutupwa, ila umeanzia mkiani.

Kichwa ni pasipoti. Viza ya Korea Kusini ya walimu wa Kiingereza, E-2, kwa kawaida hupewa raia wa nchi saba: Marekani, Uingereza, Kanada, Ireland, Australia, New Zealand na Afrika Kusini. Mmarekani mwenye digrii ya uhasibu anapita. Mkongomani aliyesomea Kiingereza miaka mitano anabaki nje. Wanaotetea sheria hiyo wanasema uraia ni rahisi kukagua. Sawa, lakini kuzaliwa na lugha si kuifundisha. Aliyejifunza ukubwani anajua kosa lina mzizi: mwanafunzi wetu husema "I have twenty years" kwa kuwa Kiswahili na Kifaransa vyote "vina" miaka. Hoja hii, tukubali, ina nguvu Likasi, mji wetu jirani, kuliko Seoul.

Kwingine mlango upo. Thailand, kwa mfano, humdai asiye mzawa wa lugha digrii pamoja na matokeo ya mtihani wa Kiingereza kama TOEIC au IELTS. Matokeo hayo huisha nguvu baada ya miaka miwili, kwa hiyo usiufanye mtihani kabla karatasi hazijakamilika. Cheti nacho kina daraja: CELTA, cheti cha ualimu wa Kiingereza cha Cambridge, ina saa sita za kufundisha wanafunzi halisi huku ukikaguliwa, vingi vya intaneti havina hata moja. Wa ISP ameshafanya staji, yaani mazoezi ya kufundisha shuleni. Aombe barua inayotaja saa, darasa na idadi ya wanafunzi.

Wengi hukwama kwenye karatasi. Kongo haimo katika Mkataba wa Apostille wa 1961, ambao huwezesha hati kukubaliwa nje kwa muhuri mmoja, hivyo diploma hupita Wizara ya Mambo ya Nje, kisha ubalozi wa nchi uendako. Neno "licence" likiachwa vilevile kwenye tafsiri, mwajiri atalisoma kama kibali. Ambatanisha relevé (orodha za alama) za miaka yote. Halafu majina: sisi tuna matatu, fomu zao zina nafasi mbili. Fuata mpangilio wa pasipoti kila mahali, herufi kwa herufi.

Ng'ambo ya mpaka wa Kasumbalesa, nchini Zambia, Kiingereza ni lugha rasmi na Wazambia wanajifundishia wenyewe. Huko, ajabu, Kifaransa chako ndicho chenye nafasi zaidi.