Waliomaliza ndui ni waliotembea

Ndui ikitajwa, jina linalotangulia ni la Edward Jenner, daktari wa Uingereza ambaye mwaka 1796 alimchanja mtoto wa miaka 8 kwa usaha wa ndui ya ng'ombe, ugonjwa mwingine wa jamii hiyo ulio mwepesi kwa binadamu. Simnyimi heshima yake. Lakini tangu siku ile hadi mwaka 1977, alipopatikana mgonjwa wa mwisho wa maambukizi ya kawaida, ilipita miaka 181. Chanjo ipo, na watu wanazikwa! Katika karne ya 20 pekee, ndui inakadiriwa kuua watu milioni 300.

Kwangu mimi, sifa kubwa ni ya waliotembea kuwatafuta wagonjwa. Mwishoni mwa 1966, mashariki mwa Nigeria, daktari Mmarekani William Foege na wenzake walikuwa na chanjo chache mno kuwatosha watu wote. Wakaulizia kwa redio za wamisionari ni kijiji gani kina mwenye vipele, wakaenda huko na kuwachanja waliomzunguka mgonjwa: jamaa zake, majirani, waliopita kumjulia hali. Ugonjwa ukakosa wa kumrukia. Mbinu hiyo ilienea kwingine, na ilifaa kwa kuwa ndui haikuwa na maficho. Haikuishi kwa mnyama, na mwenye nayo alijulikana kwa kumtazama usoni.

Mgonjwa yule wa mwisho alikuwa Ali Maow Maalin, mpishi wa hospitali mjini Merca, Somalia. Alipanda gari lililobeba watoto wawili wagonjwa ili amwelekeze dereva njia, safari ya dakika chache tu. Hakuwa amechanjwa, aliogopa maumivu ya sindano. Mfanyakazi wa hospitali! Ndiyo maana hunikera sana nikisikia mzazi anayesita kumchanja mwanawe akiitwa mjinga. Hofu haijali mtu anafanya kazi wapi, na haitolewi kwa matusi. Huyo mzazi anahitaji mtu wa kuketi naye na kumsikiliza.

Maalin alipona. Watu zaidi ya 50,000 walichanjwa mjini humo, na hakuna aliyeambukizwa naye. Mei 1980 dunia ikatangaziwa kuwa ndui imekwisha. Miaka mingi baadaye alijiunga na kampeni ya chanjo ya polio, akiwasimulia wazazi wenye wasiwasi yaliyompata yeye. Alikuwa bado katika kazi hiyo malaria ilipomuua, mwaka 2013.