Tufundishe "get" kwa kauli za vitenzi

Katika maneno mafupi ya Kiingereza, sidhani kama kuna linalowasumbua wanafunzi wa kidato cha kwanza kuliko "get". Linawasumbua kwa sababu tumewapa maana moja tu: get ni kupata. Ukifungua madaftari ya watoto wanaokuja twisheni hapa kwetu Nkuhungu, Dodoma, utaikuta karibu katika kila daftari, imepigiwa mstari kwa wino mwekundu.

Si uongo. Waingereza walilichukua neno hilo zamani sana kutoka lugha ya Waskandinavia waliohamia nchini mwao, na maana yake ya msingi ilikuwa hiyohiyo. "I got a letter", nilipata barua. Mambo yanaharibika mtoto anapokutana na "She got married" akaandika "alipata kuolewa". Kwa Kiswahili, aliyepata kuolewa ni aliyewahi kuolewa, na huenda ndoa yenyewe haipo tena. Au anaulizwa "Have you got a pen?" akadhani anaulizwa kama amepata kalamu, kumbe anaulizwa tu kama anayo.

Watoto hawa wengi wamesoma shule ya msingi kwa Kiswahili, na baadhi yao nyumbani wanaongea Kigogo. Ghafla, kidato cha kwanza, masomo mengi yanakuja kwa Kiingereza. Lakini kuna jambo wanalijua vizuri: kauli za vitenzi. Kutenda, kutendwa, kutendea, kutendesha, kutendeka. Wamezisoma, na wanazitumia tangu wakiwa wadogo. Kazi nyingi za "get" ni kazi za kauli hizo hizo.

Chukua wakulima wa zabibu wa Hombolo. "The farmers got paid": walilipwa, kutendwa. "They got the grapes to the market": walizifikisha zabibu sokoni. Zabibu zilifika kwa sababu kuna aliyezifikisha, hiyo ni kutendesha. "Get me a chair": nipatie kiti, kutendea. Mtoto akishaona hivyo, hana haja ya kukariri maana ishirini.

Sehemu ninayoipenda zaidi ni ile ya hali kubadilika. Mwingereza anachukua "get" na kulibandika kwenye sifa: get tired, get wet, get old, get fat, get drunk. Sisi kila badiliko tuna kitenzi chake: kuchoka, kulowa, kuzeeka, kunenepa, kulewa. Mwanafunzi anayetafuta "kupata" hapo anahangaika bure, kwa kuwa dhana nzima imeshamezwa ndani ya kitenzi kimoja. Mwambie atafute kitenzi cha badiliko, atakitaja kabla hujamaliza kuandika ubaoni.

Zipo zisizoingia kwenye mpango huu, kama "get up" na "get on the bus". Hizo zifundishwe mojamoja, kila moja na sentensi yake.

Ndiyo maana inaniuma kuona shule zinazomwadhibu mtoto kwa kusema Kiswahili darasani. Naelewa nia yao, wanataka mtoto azoee Kiingereza. Lakini mwalimu anayekatazwa kusema "hii ni sawa na kauli ya kutendwa" amenyang'anywa maelezo mafupi kuliko yote aliyokuwa nayo, na badala yake anaeleza Kiingereza kigumu kwa Kiingereza kigumu zaidi.

Walimu wa Kiswahili na wa Kiingereza katika shule moja mara nyingi wanakaa ofisi moja. Ningependa wapange pamoja vipindi viwili tu mwanzoni mwa kidato cha kwanza: wa Kiswahili arudie kauli, wa Kiingereza aendelee na "get" palepale mwenzake alipoishia, kwa mifano ileile.