Vita ikianza mauzo ya magari yanashuka, ila mafuta tusiyabebeshe lawama yote

Kila vita ikikaribia njia za mafuta wachambuzi wa soko la magari wanashusha makadirio yao fasta, na sababu ya kwanza kutajwa ni bei ya pipa. Mi naona hapo mafuta yanabebeshwa mzigo ambao nusu yake si wa kwake.

Wanaoshikilia hoja hiyo wana ushahidi mzito, tusiwabeze. Oktoba 1973 nchi za Kiarabu zilipobana mafuta, pipa lilitoka dola 3 hivi mpaka karibu 12 ndani ya miezi michache, na 1974 mauzo ya magari Marekani yakaporomoka kwa zaidi ya moja ya tano. Na shida haiishii sheli, maana mafuta yakipanda nauli inapanda, chakula kinapanda, benki kuu nazo zinapandisha riba, sasa kwenye nchi ambazo gari jipya linanunuliwa kwa mkopo riba ikipanda mtu anabaki na gari lake la zamani.

Lakini angalia 2022. Urusi imeivamia Ukraine Februari, Machi pipa la Brent, mafuta ghafi yanayotumika kupimia bei ya dunia, likagusa karibu dola 139, na S&P Global Mobility, kampuni inayochambua soko la magari, wakakata magari milioni 2.6 kwenye makadirio ya uzalishaji wa mwaka huo, sehemu kubwa ikiwa Ulaya. Kilichosimamisha viwanda kule kilikuwa nyaya. Zile nyaya zinazofungwa pamoja na kupita gari zima kuanzia taa mpaka siti, viwanda kadhaa vya Ulaya vilikuwa vinazitoa magharibi mwa Ukraine, zinafungwa kwa mikono, na kila fungu linaendana na gari lililoagizwa, lenye siti za kupasha joto lina lake na lisilo nazo lina lake, huwezi kuchukua la hili ukafunga kwenye lile. Volkswagen wakasimamisha kiwanda cha Zwickau, Ujerumani. Wateja wapo, oda zipo, gari ndo hamna!

Januari 2024 ndo inanishawishi zaidi. Houthi, waasi wa Yemen, wanashambulia meli Bahari ya Shamu, meli zinazunguka Rasi ya Tumaini Jema kusini mwa Afrika, Tesla wakatangaza kusimamisha kiwanda chao karibu na Berlin kwa wiki mbili hivi kwa kukosa spea, na wakati huo pipa la Brent halijafika hata dola 90.

Mafuta ghali yanabadilisha zaidi aina ya gari linalonunuliwa. Baada ya 1973 Wamarekani walihamia vigari vya Kijapani kama Honda Civic, na 1980 Japani ikawa ya kwanza duniani kwa kutengeneza magari. 2022 nako, mafuta Marekani yamepita dola 5 kwa galoni, magari ya umeme yaliyouzwa duniani yakapita milioni 10 ukihesabu na yale ya haibridi ya kuchaji. Makadirio yanayokata idadi tu bila kugusa mgawanyo huo yanamdanganya mwenye kiwanda.

Hormuz, mlango wa bahari wa kutokea Ghuba, ndipo nakubaliana na wenye hofu. Pale 2024 yalikuwa yanapita mapipa milioni 20 hivi kwa siku, kama moja ya tano ya matumizi ya dunia, mengi yakienda Asia, na pakifungwa miezi kadhaa mafuta, spea na riba vyote vinaumia kwa pamoja. Huku kwetu tunapigwa mara mbili, mafuta yetu mengi yanatoka huko huko Ghuba, na magari tunanunua yaliyotumika Japani, sasa Mjapani akikosa gari jipya hauzi la zamani, kwahiyo minadani Japani magari yanapungua na bei ya Vitz inapanda kabla hata haijapakiwa melini.