Harry Gregg: je, kipa asiye na medali anaweza kuitwa bora?

Wanaoupima ukubwa wa mchezaji kwa vikombe alivyonyanyua hukwama wanapofika kwa Harry Gregg, mlinda mlango wa Ireland ya Kaskazini ambaye Manchester United ilimnunua kutoka Doncaster Rovers mnamo Desemba 1957 kwa pauni 23,000, bei ambayo hakuna kipa aliyekuwa amewahi kununuliwa kwayo. Aliichezea klabu hiyo mechi 247, kisha akaondoka mwaka 1966 bila medali hata moja ya ushindi.

Wengi wanaomtetea hukimbilia ajali ya ndege ya Munich, Ujerumani. Tarehe 6 Februari 1958 ndege iliyokuwa ikiirudisha timu kutoka Belgrade ilianguka ikijaribu kuruka kwa mara ya tatu, watu 23 wakapoteza maisha, wanane kati yao wakiwa wachezaji. Gregg alitoka akiwa hai, akarudi ndani ya mabaki kumwokoa mtoto mdogo na mama yake mjamzito, Vera Lukić, kisha akawaburuta wachezaji wenzake Bobby Charlton na Dennis Viollet hadi mahali salama. Ni tendo linalostahili heshima yote tunayoweza kumpa mwanadamu, lakini halituambii lolote kuhusu namna alivyolinda lango, na mwenyewe hakupenda kuitwa shujaa kwa ajili yake.

Hoja ya soka iko Sweden, miezi minne baadaye, ambako Ireland ya Kaskazini ilifika robo fainali ya Kombe la Dunia na waandishi wa habari wakamchagua Gregg kuwa kipa bora wa mashindano ambayo Lev Yashin, kipa maarufu wa Umoja wa Kisovieti, naye alishiriki. Mpinzani atauliza, na swali lake ni la haki: katika mechi nne alizocheza alifungwa mabao tisa, manne kati yake na Ufaransa, basi ubora uko wapi? Jibu langu ni kwamba idadi hiyo haisemi ni mashambulizi mangapi yalimfikia. Dhidi ya Ujerumani Magharibi, mabingwa watetezi, aliokoa michomo mingi mno hadi mechi ikaisha 2-2, naye akaumia; na dhidi ya Ufaransa alisimama langoni kabla hajapona, kwa kuwa kipa mwenzake, Norman Uprichard, alikuwa amevunjika mkono.

Hoja nzito zaidi dhidi yake ni majeraha, kwa sababu mechi 247 katika takriban miaka tisa ni chache kwa kipa wa kwanza. Hata hivyo, hatuwezi kuyatenganisha majeraha hayo na uchezaji wake. Gregg hakungoja mpira kwenye mstari. Alitoka na kulitawala eneo lote la hatari, katika enzi ambayo sheria ilimruhusu mshambuliaji kumpiga kipa kikumbo. Katika fainali ya Kombe la FA ya 1958, Nat Lofthouse wa Bolton alimsukuma pamoja na mpira hadi wavuni, bao likakubaliwa, United ikalala 2-0. United ilipolitwaa kombe hilo mwaka 1963, bega lilikuwa limemweka nje na David Gaskell ndiye aliyedaka. Na ulipokuja ubingwa wa ligi wa 1965, langoni alikuwepo Pat Dunne.