Usinunue jina la gari, nunua injini na giaboksi

Ukiuliza gari gani halisumbui, utajibiwa kwa jina la kampuni: Toyota, Honda, Mazda. Jibu hilo lina ukweli wake, lakini kwa mtu anayetaka kukaa na gari miaka 10 au 15 halitoshi, na wakati mwingine humponza. Chukua Camry mbili za soko la Marekani, moja ya mwaka 2009 na nyingine ya 2010, zote za silinda 4. Bodi ni ileile, tofauti ni ndogo ndogo kwenye taa na grili. Ya 2009 ina injini ya 2AZ-FE ya lita 2.4, inayojulikana kwa kula oili kwa sababu ringi za kukwangua oili kwenye pistoni huganda kwa masizi. Toyota wenyewe walikuja kutoa pistoni na ringi za muundo mpya kwa wateja walioathirika. Ya 2010 ina 2AR-FE ya lita 2.5, injini nyingine kabisa isiyo na ugonjwa huo. Ukitazama nembo tu, huwezi kuzitofautisha.

Kwa hiyo ushauri wangu ni huu: kabla ya kwenda kuangalia gari lolote, andika vitu vitatu kwenye mstari mmoja, yaani modeli ya injini, aina ya giaboksi na mwaka wa kutengenezwa. Kisha tafuta matatizo ya mchanganyiko huo hasa, usitafute matatizo ya kampuni. Kampuni moja hutengeneza injini ya kudumu na injini ya hasara katika muongo mmoja.

Anza na giaboksi

Watu wengi huanza na injini. Mimi naanza na giaboksi, kwa sababu injini ikichoka hukuonya mapema na fundi mzuri anaweza kuifungua akaitengeneza. Giaboksi ya otomatiki ikifa, mara nyingi kazi ni kuitoa na kufunga nyingine, na kwa gari lenye umri gharama hiyo hukaribia thamani ya gari lenyewe.

Giaboksi ya manyuo, yaani ya kubadilisha gia kwa mkono, ni rahisi kuielezea. Klachi huchakaa, inabadilishwa, maisha yanaendelea. Otomatiki ya kawaida yenye gia 4, 5 au 6 nayo hudumu sana ikibadilishiwa oili. Hapa kuna uongo mmoja unaoua giaboksi nyingi, kwamba oili yake ni ya maisha yote ya gari. ZF, wanaotengeneza giaboksi za BMW, Jaguar na wengine wengi, wao wenyewe hupendekeza oili ibadilishwe kati ya kilomita 80,000 na 120,000 au kila baada ya miaka 8. Gari likiendeshwa kwenye joto, milima au foleni, usisubiri kikomo cha juu.

CVT, aina nyingine ya otomatiki, ndiyo inayohitaji umakini zaidi. Ndani yake hakuna gia za kawaida. Kuna mkanda wa chuma unaobanwa kati ya puli mbili kwa shinikizo la oili. Oili ikichoka au ikipata joto kupita kiasi, shinikizo hupungua, mkanda huteleza, uso wa puli huchubuka, na vumbi la chuma huzunguka mfumo mzima na kuharibu vali. Dalili za mwanzo ni mtetemo wa kukatakata unapoondoka taratibu, mlio wa kuvuma unaopanda na mwendo, au gari kupunguza nguvu lenyewe baada ya mwendo mrefu. Nissan walifikia kurefusha dhamana ya CVT za magari yao ya miaka ya 2007 hadi 2010 huko Marekani hadi miaka 10 au maili 120,000, na kampuni hairefushi dhamana bila sababu. Sisemi CVT zote ni mbaya. Nasema usinunue yenye historia isiyojulikana, na ukishainunua badilisha oili kila kilomita 40,000 hadi 60,000 kwa aina hasa iliyoandikwa na mtengenezaji. Oili za NS-2 na NS-3 za Nissan si kitu kimoja, na oili ya otomatiki ya kawaida ndani ya CVT ni sumu.

Ndiyo maana mwaka ni muhimu. Corolla Fielder ya kizazi cha 2000 hadi 2006 yenye injini ya 1NZ-FE na otomatiki hutumia giaboksi ya gia 4. Kizazi kilichofuata cha lita 1.5 kilikuja na CVT. Injini ni ileile na jina ni lilelile, ila matunzo yanayotakiwa si yaleyale.

Giaboksi za klachi mbili, hasa zenye klachi kavu kama DQ200 ya Volkswagen yenye gia 7, sizipendekezi kwa umiliki wa muda mrefu. Kwenye foleni klachi husuguana kwa kuteleza kidogo kidogo, hupata joto na huchakaa, na kitengo kinachoiendesha kwa umeme na oili kina udhaifu wake. Mwaka 2013 Volkswagen waliyaita magari takriban milioni 1.6 duniani kubadilishiwa oili ya giaboksi hiyo.

Haibridi za Toyota zinastahili kutajwa peke yake. Kwenye karatasi huandikwa CVT, lakini ndani hazina mkanda wala puli. Ni gia za sayari zinazounganisha injini na mota mbili za umeme, hakuna klachi ya kuchakaa, na hata stata ya kawaida haipo. Ni miongoni mwa giaboksi imara kuliko zote. Udhaifu uko kwingine. Kwenye Prius ya kizazi cha tatu, kwa mfano, mfumo wa EGR unaorudisha moshi kwenye injini huziba kwa masizi, na gasketi ya silinda hedi huungua. Betri yake kubwa ina moduli 28 zinazofikisha volti 201.6, na hupozwa na feni inayovuta hewa kutoka ndani ya gari, pembeni mwa kiti cha nyuma. Tundu hilo likizibwa kwa mizigo, au feni ikijaa vumbi na manyoya, betri huchemka na kufa kabla ya wakati wake. Kuisafisha feni ni kazi ya saa moja hivi.

Injini: cheni, mkanda, na mkanda unaoishi ndani ya oili

Injini ninayoipenda kwa gari la kukaa nalo haina turbo, inapuliza petroli kwenye njia ya hewa badala ya moja kwa moja ndani ya silinda, na inatumia taimingi cheni, yaani cheni inayofanya vali zifunguke kwa mpangilio na pistoni. 1NZ-FE iko hivyo. K24 za Honda za miaka ya 2000 ziko hivyo pia. Sababu si mapenzi ya mambo ya zamani. Injini inayopuliza petroli moja kwa moja ndani ya silinda haioshi vali za kuingiza hewa, hivyo masizi hujijenga juu yake hadi injini ianze kutetemeka ikiwa imesimama. Toyota walitatua hilo kwenye mfumo wa D-4S kwa kuweka injekta za aina zote mbili kwenye injini moja. Turbo nayo huzunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika huku ikilishwa na oili ileile ya injini, kwa hiyo uzembe wa oili ambao injini ya kawaida ingeuvumilia, yenye turbo haiuvumilii.

Taimingi belti ya kawaida, yaani mkanda wa mpira unaofanya kazi ya cheni hiyo, si kosa. Inatakiwa kubadilishwa kwa wakati, wengi kila kilomita 100,000, na wota pampu, rola na sili za mbele zibadilishwe siku hiyohiyo kwa sababu kazi ya kufungua ni moja. Hatari ni kutojua ilibadilishwa lini. Kwenye injini nyingi belti ikikatika vali hugonga pistoni, na hapo unazungumzia silinda hedi nzima.

Kitu cha kukikwepa ni mkanda unaozunguka ndani ya oili. Umetumika kwenye injini ya Ford EcoBoost ya lita 1.0 ya mwanzo na kwenye injini ya PureTech ya lita 1.2 ya Peugeot na Citroën. Mpira hudhoofishwa na oili iliyochanganyika na petroli, unamenyeka, na vipande vyake huziba chujio la pampu ya oili ndani ya sampu, bakuli la oili chini ya injini. Shinikizo la oili linashuka na injini inakufa ingawa kijiti cha kupimia kinaonyesha oili ipo. Stellantis, kampuni mama ya Peugeot na Citroën, walirefusha dhamana ya PureTech hadi miaka 10 au kilomita 175,000. Ukilipata gari la aina hii kwa bei ya kuvutia, sasa unajua bei hiyo imetoka wapi.

Na cheni si kinga ya kila kitu. BMW N47 ya dizeli, hasa za 2007 hadi 2011, ina cheni inayochakaa mapema, tena imewekwa upande wa giaboksi, hivyo kuifikia ni kushusha injini au giaboksi. Dizeli za kisasa kwa jumla ni za mtu anayekwenda safari ndefu. Safari za kilomita 5 kila siku hazipashi moto ekzosi vya kutosha kuchoma masizi kwenye kichujio cha DPF, kikaziba.

Siku ya kuangalia gari

Mwambie muuzaji usilikute limewashwa. Shika boneti kwa mkono kabla ya kitu chochote. Likiwa na joto, muulize kwa nini. Injini ya baridi ndiyo inayosema ukweli: mlio wa cheni kwa sekunde kadhaa baada ya kuwasha ni dalili ya cheni au kikaza chake kuchoka. Moshi wa bluu ni oili inayoungua. Moshi mweupe usiokoma hata injini ikishapata moto, wenye harufu tamu, ni koolanti, maji ya kupozea injini, inaingia kwenye silinda. Mweusi ni petroli nyingi kupita kiasi, na huo ndio mwepesi zaidi kuutibu.

Fungua kifuniko cha kujazia oili. Utando mzito wa kahawia uliogandia ndani ni ushahidi wa oili iliyopitilizwa muda. Fungua rejeta likiwa la baridi. Kama koolanti ina rangi ya kutu, au ni maji matupu, mfumo umeliwa kwa ndani. Washa, na ukiona mapovu yanaendelea kutoka bila kukoma hata hewa ya kawaida ikishaisha, gasketi ya hedi inavujisha. Lipia kipimo cha kompresheni. Injini nyingi za petroli zenye afya huwa kati ya bar 10 na 14, lakini jambo la msingi ni usawa: silinda moja ikitofautiana na nyingine kwa zaidi ya asilimia 15, ondoka.

Kisha unganisha mashine ya kusoma kompyuta ya gari. Usitazame makosa tu. Tazama kama vipimo vya utayari vya mifumo ya hewa chafu, yaani majaribio ambayo kompyuta ya gari hujifanyia yenyewe, vimekamilika. Vikiwa havijakamilika huku dashibodi haina taa, kuna mtu amefuta makosa hivi karibuni, au betri ilichomolewa. Huu ndio ujanja wa kawaida kabisa wa muuzaji, na kuugundua huchukua dakika moja.

Kilomita za dashibodi usiziamini peke yake. Tairi zina tarakimu 4 za tarehe, mfano 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Gari linalodai kilomita 40,000 likiwa na raba ya pedali ya breki iliyolika hadi chuma linadanganya. Mikanda ya viti nayo huwa na lebo ya tarehe. Ikipishana sana na mwaka wa gari, ulizia ajali.

Chini ya gari tafuta kutu, hasa kama lilitumika karibu na bahari au kwenye barabara zinazomwagiwa chumvi. Injini inabadilishika. Fremu iliyooza haibadilishiki kwa gharama yenye akili. Kwa magari yanayoendesha magurudumu yote manne muda wote, pima tairi zote. Subaru huelekeza mzunguko wa tairi usipishane zaidi ya takriban milimita 6, na aliyeendesha na tairi mbili mpya na mbili kipara amekuwa akiichosha difu ya kati, inayogawa nguvu kati ya magurudumu ya mbele na ya nyuma, bila kujua.

Mapambo nayo yana bili yake. Saspensheni ya hewa huvuja. Paa la kioo lina mirija ya kutolea maji, na ikiziba maji hushuka chini ya kapeti mahali penye vitengo vya umeme. Rimu za inchi 19 zenye tairi nyembamba hupinda na kumaliza bushi mapema. Kati ya magari mawili sawa, ningechukua lile la rimu za inchi 15 au 16 na springi za chuma. Vilevile ningekwepa mwaka wa kwanza wa modeli yoyote mpya: makosa ya kiwandani hugunduliwa na wanunuzi wa mwanzo, na kufikia mwaka wa tatu mengi huwa yamesahihishwa.

Wiki ya kwanza

Ukishanunua, hesabu kwamba hakuna kilichobadilishwa hata kama umeambiwa vinginevyo. Badilisha oili ya injini na filta, oili ya giaboksi na difu, koolanti ya aina sahihi, filta ya hewa, plagi kama hujui umri wake, na oili ya breki, ambayo hunyonya unyevu na inatakiwa kubadilishwa kila miaka 2. Weka kumbukumbu ya kilomita kwa kila kimoja. Kisha pima oili ya injini kwa kijiti kila kilomita 1,000, gari likiwa kwenye usawa na injini imezimwa kwa dakika 10. Rudia mara tano, andika kiwango kila mara. Ikifika kilomita 5,000 utakuwa umejua kama injini inakula oili na kwa kiasi gani, na hapo ndipo unaweza kupanga oili ibadilishwe kila baada ya kilomita ngapi.