Maambukizi ya valvu za moyo: mgonjwa apasuliwe mapema au tusubiri dozi iishe?

Bakteria wakishaingia kwenye damu, iwe kupitia jino bovu, kidonda au mpira wa dripu uliokaa sana mkononi, wanaweza kung'ang'ania valvu ya moyo (ule mlango unaoruhusu damu ipite upande mmoja tu), hasa ile ambayo homa ya rumatiki ilishaiharibu tangu utotoni, wanajenga vifundo pale na kuitafuna valvu yenyewe, na kipande kikimeguka kikapanda kwenye ubongo ndo kiharusi hicho. Tiba ya kawaida ni antibiotiki za mshipa wiki 4 mpaka 6. Ubishi upo kwenye upasuaji, ufanyike lini.

Wanaosema tusubiri wana hoja, tusiwadharau. Nyama yenye maambukizi imelainika, nyuzi hazishiki vizuri, na valvu mpya nayo inaweza kushambuliwa. Afu kama mgonjwa tayari kavuja damu kichwani, ile mashine inayoshika kazi ya moyo na mapafu wakati wa operesheni inahitaji dawa ya kuzuia damu isigande, yani unaweza kummaliza palepale, ndo maana mara nyingi wanaiahirisha operesheni kama mwezi hivi.

Ila mi naegemea upande wa mapema. Kuna utafiti wa Korea Kusini wa 2012, wagonjwa 76 wenye vifundo vikubwa zaidi ya milimita 10 na valvu zilizoharibika vibaya, waliopasuliwa ndani ya saa 48 ni asilimia 3 tu waliofia hospitali au kupata vipande vilivyosafiri kwenye mishipa ndani ya wiki 6, waliopewa tiba ya kawaida ilikua asilimia 23. Na wengi wa hao wa pili waliishia kupasuliwa tu! Kweli, vifo baada ya miezi 6 havikutofautiana sana na watu wenyewe walikua wachache, kwa iyo sio neno la mwisho, lakini kiharusi alichoepuka mtu sio kitu kidogo jamani.

Kwetu huku mambo yanabadilika kidogo. Tanzania tuna Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete pale Dar, moyo unafunguliwa hapahapa, ila mtu wa mkoani mpaka apate eko (kipimo cha picha ya moyo) na rufaa na hela, hizo saa 48 zilishapita zamani. Na valvu yenyewe ya kuweka nayo ni mtihani: ya chuma inadumu ila ni warfarini, dawa ya kuzuia damu isigande, maisha yote na kupima damu kila mara, kwa binti anayetaka kuzaa hiyo dawa ni hatari kwa mtoto tumboni, ya tishu (ya nyama ya mnyama) haina huo mzigo ila kwa kijana inachoka mapema, anarudi tena mezani.

Kinachoniuma zaidi ni huku mwanzoni kabisa, homa wiki ya tatu mtu ananunua antibiotiki dukani, akifika hospitali damu inaoteshwa maabara kutafuta bakteria ila haioti kitu kwa sababu ya hizo dawa, daktari anabaki anabahatisha dawa. Mwenye valvu mbovu akiwa na homa isiyoeleweka, damu itolewe kwanza kabla ya kidonge chochote, na daktari wa upasuaji aambiwe siku ileile, sio wiki ya 5 moyo ukishashindwa.